Kisogo cha Mwezi

Babu yangu alikuwa na redio ya mbao yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha, na waya wa shaba uliotokea dirishani ukapanda mpaka kwenye tawi la mwembe. Mchana redio ile ilikuwa pambo la sebuleni. Jua likizama ndipo ilipopata uhai: Sauti ya Ujerumani, BBC, stesheni za Kiarabu zilizokanyagana, na sauti moja ya kike iliyosoma jambo refu kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuitambua. Sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Lakini babu alikuwa na adui mmoja asiyeweza kumkataza, nayo ni pikipiki ya kijana wa jirani. Kila ilipopita nje, redio ilikwaruza, trrrrr, ikameza nusu ya taarifa ya habari.

Nilikuja kuelewa ukubwani kilichokuwa kikitokea. Plagi ya pikipiki hutoa cheche ndani ya injini, na kila cheche hurusha wimbi dogo la redio pande zote. Kijana yule hakuwa anatangaza chochote. Alikuwa anapita zake. Pikipiki hii tutakutana nayo tena mbele, kwa hiyo msomaji asiisahau.

Tuanze na wale wageni wa usiku. Dunia ni mviringo, na wimbi la redio hupenda kunyooka, kwa hiyo matangazo ya Sauti ya Ujerumani kutoka Cologne hayakuwa na njia ya moja kwa moja ya kutufikia. Yalifika kwa kudunda. Juu yetu, kuanzia kilomita 60 hivi na kuendelea hadi mamia ya kilomita, mwanga mkali wa jua hung'oa elektroni kutoka kwenye hewa nyembamba na kuacha tabaka lenye chaji za umeme, ionosfea. Wimbi la masafa mafupi hulipiga tabaka hilo, likarudi chini, likadunda ardhini au baharini, likapanda tena, mpaka likafika kwenye mwembe wa babu. Sehemu ya chini ya tabaka hilo humeza mawimbi mchana, kisha hutoweka jua likitua. Ndiyo sababu wageni walibisha hodi usiku.

Lakini paa ni paa. Linalorudisha chini sauti za chini ndilo linalorudisha juu sauti za juu. Mawimbi ya redio yanayotoka angani, yakiwa chini ya megahezi 10 hivi, hayapenyi kabisa kufika ardhini, na hata yale yanayokaribia megahezi 30 hupenya kwa taabu, yakiwa yamepindwapindwa. Kwa maneno mengine, iko sehemu nzima ya anga ambayo mwanadamu aliyesimama ardhini hajawahi kuisikia sawasawa. Sura hii inahusu watu wanaotaka kwenda kuisikiliza, na mahali pekee karibu nasi wanapoweza kufanya hivyo.

Inafurahisha kwamba elimu yenyewe ya kusikiliza nyota ilizaliwa kutokana na kero ya mikwaruzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, maabara za Bell za Marekani zilitaka kujua ni nini kinachovuruga simu za redio zinazovuka bahari ya Atlantiki. Kazi akapewa injinia kijana, Karl Jansky. Kule Holmdel, New Jersey, alijenga antena ndefu ya mbao na shaba, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford ili izunguke polepole kama bembea ya watoto, akaifungia kwenye megahezi 20.5. Akasikia radi za karibu. Akasikia radi za mbali. Akasikia pia mfoko hafifu, kama maji yanayoanza kuchemka, ambao kila siku uliwahi kwa dakika 4 kuliko siku iliyotangulia. Hizo dakika 4 ndizo tofauti ya siku ya jua na siku ya nyota. Chanzo cha sauti hakikuwa duniani wala kwenye jua. Kilikuwa katikati ya galaksi yetu. Jansky alitangaza ugunduzi huo mwaka 1933, waajiri wake wakaridhika kwamba simu hazina la kufanywa, wakampa kazi nyingine.

Angalia namba ile: megahezi 20.5. Karibu karne moja baadaye, wanaastronomia wanairudia sehemu hiyohiyo ya masafa kwa sababu ambayo Jansky hakuweza hata kuiota.

Haidrojeni ndiyo gesi nyingi kuliko zote ulimwenguni. Atomi yake ina protoni moja na elektroni moja, na zote mbili zina tabia kama ya visumaku vidogo. Mara chache mno, kwa wastani mara moja katika miaka milioni kumi na ushei kwa atomi iliyoachwa peke yake, kisumaku cha elektroni hupinduka, na atomi hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, yaani shibiri moja hivi. Masafa yake ni megahezi 1,420. Kwa kuwa atomi ni nyingi kupita hesabu, minong'ono hiyo hukusanyika ikasikika.

Sasa turudi nyuma kabisa. Miaka 380,000 hivi baada ya ulimwengu kuanza, moto wa mwanzo ulikuwa umepoa kiasi cha atomi za haidrojeni kuundika. Nyota hazikuwepo bado. Kwa muda wa makumi ya mamilioni ya miaka palikuwa na gesi tupu na giza, na wataalamu wanakiita kipindi hicho Zama za Giza. Darubini ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, haiwezi kukiona kwa namna yoyote ile, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutoa mwanga. Kilichokuwepo ni haidrojeni iliyokuwa baridi kuliko mnururisho uliojaa pande zote, ikiufyonza kidogokidogo katika urefu ule wa shibiri.

Tangu wakati huo ulimwengu umetanuka, na wimbi limetanuka nao. Shibiri ya enzi hizo imevutika mara 80 hivi, ikawa na urefu wa mita 17, kimo cha mnazi mzima. Masafa yameshuka kutoka megahezi 1,420 hadi 17 au 18. Yaani alama ya pekee iliyobaki ya wakati kabla ya nyota imekuja kuangukia papo hapo palipozibwa na ionosfea, na ambapo radi, matangazo ya masafa mafupi na kila aina ya mashine hupiga kelele usiku na mchana. Ukitaka mfano wa bahati mbaya katika sayansi, sijui mwingine mzuri zaidi.

Dawa ya bahati hiyo mbaya inaning'inia juu yetu kila usiku.

Waswahili wakisema mtu amekupa kisogo, wana maana amekugeuka. Mwezi haujawahi kutupa kisogo. Unatuzunguka huku umetukazia uso, kama mtoto anayemzunguka mama yake bila kumwondolea macho, kwa sababu mvuto wa Dunia umeufunga mzunguko wake: muda unaotumia kujizungusha ni uleule unaotumia kutuzunguka sisi. Upande wake wa nyuma haukuonwa na binadamu yeyote mpaka Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipopita huko na kuupiga picha. Wengi huuita upande wa giza, na wanakosea. Usiku ule watu wanapotazama magharibi kuutafuta mwezi mwandamo, wakibishana kama umeonekana Tanga au Lamu, karibu kisogo chote cha Mwezi huwa kimejaa jua la mchana.

Kisichofika huko ni sisi. Mwezi ni bonge la jiwe lenye kipenyo cha kilomita 3,474, na anayesimama kisogoni ana jiwe lote hilo kati yake na kila redio, rada, simu na tanuri la umeme duniani. Mwanaanga Michael Collins alilijua hilo Julai 1969. Wenzake wawili walipokuwa chini wakitembea, yeye alibaki akizunguka peke yake ndani ya chombo, na kila mzunguko alipopita nyuma ya Mwezi mawasiliano yalikatika kwa dakika 48. Miaka minne baadaye Marekani ilipeleka setilaiti, Radio Astronomy Explorer 2, ikiwa na antena zenye urefu wa zaidi ya mita 200 kila moja, izunguke Mwezi na kusikiliza. Kila ilipozama nyuma, kelele za Dunia zilishuka ghafla, kama mlango uliofungwa. Ilipochomoza upande wa pili, zikarudi. Tangu hapo hakuna aliyebisha kuhusu ubora wa kisogo. Kilichobaki ni namna ya kufika na kukaa.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona tunazungumza kuhusu masikio tu? Kwa nini tusipeleke darubini za kawaida, za macho? Zimepelekwa. Ya kwanza ilikuwa ndogo, iliyopakwa dhahabu, kazi ya George Carruthers, mwanafizikia Mmarekani mweusi wa maabara ya jeshi la majini mjini Washington, ambaye akiwa na umri wa miaka 10 alijijengea darubini kwa bomba la karatasi ngumu na lenzi alizoagiza kwa posta. Aprili 1972, mwanaanga John Young wa Apollo 16 aliisimamisha kamera hiyo katika nyanda za Descartes, ndani ya kivuli cha chombo chao, maana jua lingeiunguza. Jua lilivyopanda, kivuli kilifupika, naye ikambidi aisogeze tena na tena, huku amevaa glovu nene zilizojaa hewa. Kamera ilipiga picha za mwanga wa urujuanimno, ule ambao hewa yetu huuzuia. Mojawapo inaionyesha Dunia ikiwa imejifunika wingu kubwa la haidrojeni linalong'aa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa ukamilifu ule. Wanaanga walirudi na filamu. Kamera yenyewe bado iko kulekule.

Kwa nini basi hapakuwa na nyingine kwa miaka 40 na zaidi, mpaka China iliposhusha darubini ya sentimita 15 kwa chombo cha Chang'e 3 Desemba 2013? Jibu langu ni kwamba kwa darubini ya macho Mwezi ni mahali pabaya kuliko wapenzi wake wanavyokiri. Ukishapata roketi ya kukutoa kwenye hewa ya Dunia, huna haja ya kushuka tena mahali pengine penye uvutano, joto la kupanda na kushuka, na vumbi. Vumbi la Mwezi halijawahi kulainishwa na maji wala upepo. Ni kali kama chenga za kioo na hung'ang'ania kila kitu. Harrison Schmitt wa Apollo 17 alilivuta kidogo tu ndani ya chombo, pua ikamvimba. Hubble na James Webb zinaelea zenyewe, hazina vumbi, hazina usiku wa wiki mbili.

Na hapa lugha yetu ina haki yake ya kutajwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku na nchi, ikaitwa Uhuru. Ilichora ramani ya vyanzo zaidi ya 300 na ikasaidia kuwaelekeza watu kwenye Cygnus X-1, kile ambacho leo tunakitambua kuwa shimo jeusi. Kiongozi wa mradi, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru haikuhitaji kutua popote. Ilihitaji tu kutoka nje ya paa, na pwani yetu, kwa kuwa iko jirani na ikweta, ilikuwa ngazi nzuri.

Mambo mawili tu, kwa maoni yangu, yanahalalisha gharama ya kushuka Mwezini. La pili nitalisema upesi: karibu na ncha zake kuna kreta ambazo sakafu zao hazijaona jua kwa muda usiokumbukika, na baadhi zina baridi ya nyuzi zaidi ya 200 chini ya sifuri. Darubini ya joto, yaani ya mwanga wa infraredi, hupenda baridi kama hiyo. Tatizo ni kwamba kreta hizohizo ndizo zinazodhaniwa kuwa na barafu, na barafu ni maji ya kunywa na mafuta ya roketi. Mwanasayansi hatakuwa peke yake mlangoni.

La kwanza ni kimya cha kisogoni.

Januari 3, 2019, China ilikishusha Chang'e 4 ndani ya kreta ya Von Kármán, chombo cha kwanza cha binadamu kutua upande ule. Kabla ya hapo ilibidi kutangulizwe setilaiti ya kupokezana mawasiliano, Queqiao, iliyosimamishwa ng'ambo ya Mwezi mahali inapoviona kwa pamoja Dunia na kisogo. Chang'e 4 kilikuwa na antena za masafa ya chini, na Queqiao ilibeba nyingine iliyotengenezwa na Waholanzi. Zilikuwa hatua za mtoto. Chombo chenyewe kilikuwa na vifaa vyake vya umeme vilivyokoroma karibu kabisa na antena, sawa na mtu anayejaribu kusikia mnong'ono akiwa amekalia jenereta.

Wamarekani nao walijaribu. Februari 22, 2024, chombo cha kampuni binafsi kilichoitwa Odysseus kilitua karibu na ncha ya kusini, upande huu wetu, kikiwa na kipimio cha redio kinachoitwa ROLSES. Safarini joto lilifyatua antena moja kabla ya wakati wake. Kutua kwenyewe kulivunja mguu na chombo kikaegemea ubavu. Data zilizopatikana ni za muda mfupi, na kilichosikika humo waziwazi ni matangazo ya Dunia. Walikwenda kilomita 384,000 kusikiliza anga wakatusikia sisi.

Jaribio ninalolisubiri zaidi linaitwa LuSEE-Night, kazi ya pamoja ya NASA na Wizara ya Nishati ya Marekani, ambamo maabara ya Brookhaven na watu wa Berkeley wana mkono mkubwa. Ratiba iliyotangazwa ya kulipeleka kisogoni, kwa chombo cha kampuni ya Firefly, inataja mwaka 2026. Ukilitazama hutalidhania darubini. Ni sanduku lenye paneli za jua, na juu yake antena nne za mita 3 kila moja zilizopangwa kwa msalaba juu ya kisahani kinachozunguka. Jansky angelitambua mara moja.

Usiku wa Mwezi ndio adui wake. Hudumu kwa siku 14 za kwetu, na baridi hushuka chini ya nyuzi 170 chini ya sifuri. Vyombo vingi vilivyotua Mwezini vimekufa usiku wa kwanza. Lakini LuSEE-Night lazima ifanye kazi usiku, maana mchana jua nalo ni redio yenye kelele. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wake ni betri, karibu kilo 40, ambayo hujazwa mchana kisha huliwa polepole gizani. Vifaa vimefungwa kama uji ndani ya chupa ya chai ili joto lao dogo lisipotee. Mchana wa nyuzi zaidi ya 100 unapofika, joto hilohilo lazima lipewe njia ya kutokea, la sivyo sanduku litajipika. Wahandisi wamezizima sehemu zote zinazoweza kunguruma, au wamezifanya zifuate mpigo wa saa moja ya pamoja. Na chombo kilicholibeba, kile chenye injini, kompyuta na kamera za mamilioni ya dola, kikishamaliza kulitua na kulisaidia kuamka, kimepangiwa kuzimwa moja kwa moja, kisiwashwe tena. Kazi yake ya mwisho ni kunyamaza.

Je, litausikia mnong'ono wa Zama za Giza? Waliolijenga wenyewe hawaahidi hivyo. Mwezi unazuia kelele zetu, hauzuii ule mfoko wa galaksi aliousikia Jansky, na katika masafa haya mfoko huo una nguvu karibu mara milioni moja kuliko kinachotafutwa. Unapaswa kuujua vizuri kabisa mpaka uweze kuutoa na kubaki na baki. Tahadhari ya jambo hili ilishaonekana: mwaka 2018 timu iliyotumia antena ndogo katika jangwa la Australia Magharibi, jaribio la EDGES, ilitangaza alama ya haidrojeni kutoka enzi za nyota za kwanza, kwenye megahezi 78. Habari ikatikisa dunia. Mwaka 2022 Wahindi, kwa chombo chao SARAS 3 kilichoelea juu ya maji, walitafuta kitu kilekile wasikione. Ubishi unaendelea, na kila upande unajua kuwa ardhi yenyewe chini ya antena, unyevu wake na mawe yake, inaweza kuudanganya mtambo.

Wenye ndoto wameshapita hapo. Katika maabara ya JPL huko California, Saptarshi Bandyopadhyay na wenzake wamechora mpango wa kuchukua kreta yenye upana wa kilomita 1.3 na kutandaza ndani yake wavu wa nyaya wenye kipenyo cha mita 350, roboti zikishuka kuta za kreta zikivuta nyaya kama wavuvi wanaovuta juya. Kreta yenyewe ndiyo bakuli. Binadamu anapeleka wavu tu. Ukiilinganisha na Ngorongoro hiyo ni kreta ya kitoto, lakini sahani ingekuwa kubwa kuliko ile ya Arecibo, Puerto Rico, yenye mita 305, iliyoporomoka Desemba 1, 2020 baada ya nyaya zake kukatika. Kundi jingine linafikiria FarView: antena nyepesi 100,000, zilizotengenezwa palepale kwa alumini itakayoyeyushwa kutoka kwenye udongo wa Mwezi. Mipango hii imepata fedha za utafiti wa awali, haijapata idhini ya kujengwa. Binafsi wavu wa kreta naupenda zaidi kwa sababu una sehemu chache za kuharibika, ingawa natambua kwamba Arecibo nayo ilisifiwa kwa sababu hiyohiyo.

Wakati wahandisi wanachora, pikipiki zinakaribia.

Mwezi unaanza kuwa barabara. Shirika la anga la Ulaya limeanzisha mpango wa Moonlight, setilaiti tano za mawasiliano na kuonyesha njia kuzunguka Mwezi. Machi 2025 kampuni ya Nokia ilipeleka huko mtambo wa 4G, ingawa chombo kilichoubeba nacho kililala ubavu na simu haikupigwa. Kila anayetaka kutua kisogoni anahitaji setilaiti kama Queqiao, na setilaiti inayoliona bonde la kisogoni inalimwagia mawimbi yake. Darubini yenyewe haiwezi kutuma matokeo yake bila kitu kama hicho. Kinachokuwezesha kufika ndicho kinachokuharibia ulichofuata.

Sheria ipo. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika kifungu cha 22, zimetenga Ukanda Uliokingwa wa Mwezi, kuanzia nyuzi 23.2 kupita ukingo wa uso tunaouona, na kukataza mawimbi yanayodhuru astronomia ndani yake. Kifungu kina milango yake: masafa kadhaa ya utafiti wa anga yameachiwa. Na kilitungwa kwa kuwafikiria watangazaji, watu wanaorusha wimbi kwa kukusudia. Hapa ndipo ninapomkumbuka kijana wa jirani. Mwaka 2023, wanaastronomia wanaotumia antena za LOFAR zilizoko Uholanzi na nchi jirani walizisikiliza setilaiti 68 za Starlink, wakasikia mikwaruzo kutoka kwa 47, katika masafa ambayo setilaiti hizo hazikuruhusiwa wala hazikukusudia kuyatumia. Ilikuwa ni umeme wa ndani yake ukivuja tu. Hazikuwa zinatangaza kitu. Zilikuwa zinapita zake.

Claudio Maccone wa Italia amekuwa akipendekeza kwa miaka mingi kwamba duara kubwa katikati ya kisogo, kuizunguka kreta ya Daedalus, litengwe kabisa. Pendekezo linasifiwa na kuwekwa kabatini. Mkutano wa dunia wa masafa ya redio wa mwaka 2023, uliofanyika Dubai, uliliweka suala la mawasiliano ya Mwezini kwenye ajenda ya mkutano wa 2027. Humo kila nchi mwanachama ina kura moja, Tanzania na Kenya sawa na Marekani na China, na wajumbe wetu huenda huko wakiwa wamebeba hoja za minara na simu. Rwanda ilitia saini Makubaliano ya Artemis, yanayohusu shughuli za Mwezini, Desemba 2022, kwa hiyo kuna angalau meza moja ya mambo ya Mwezi ambayo kuna anayekaa akiongea Kiswahili. Sijasikia yeyote kati yetu akisema lolote kuhusu megahezi 20 za kisogoni, na sidhani ni kwa sababu hatuelewi maana ya paa, mwangwi na jirani mwenye kelele.

Babu, kwa upande wake, alimaliza kesi yake bila mkutano. Alimwita yule kijana, akampa kiti, akamtegesha sikio kwenye redio pikipiki ikiwa imezimwa, kisha akamtuma mdogo wa kijana huyo nje akaipige stati. Kijana akaisikia pikipiki yake mwenyewe ikimkatiza msomaji wa habari. Baada ya hapo saa tatu usiku aliisukuma kwa mkono hadi barabara kuu. Si kila siku; alisahau, na siku za mvua alijisamehe.

Kama LuSEE-Night itatua salama, muda wake mzuri wa kusikiliza ni rahisi kuujua bila almanaka. Toka uani usiku wa mwezi wa kumi na nne, wakati uso wake umejaa na minazi inatupa vivuli. Wakati huo kule kisogoni ni usiku wa manane: jua liko upande wetu, Dunia iko upande wetu, na sanduku moja lenye antena nne linakula betri yake.